Olivini: Jiwe la Kijani Lililomponza Mzee Wangu

Wiki hii siandiki kuhusu viwavijeshi wala bei ya mbaazi. Naandika kuhusu jiwe, na naanza kwa kukiri kosa.

Msimu wa juzi mzee mmoja katika kata ninayoihudumia alinisimamisha njiani. Alikuwa na mfuko wa unga wa mawe, wa kijivu unaoelekea kijani, aliouziwa na mchuuzi aliyepita na pikipiki. Juu ya mfuko mtu alikuwa ameandika kwa mkono: "Olivini, mbolea ya asili ya volkeno." Mzee akaniuliza, "Bwana shamba, hii inafaa?" Nilikuwa nawahi mkutano wa kijiji. Nikamjibu kwamba haina madhara, atumie tu.

Akaitumia. Ila aliitumia badala ya DAP na urea, kwa kuwa mchuuzi alimhakikishia kwamba mfuko mmoja unafanya kazi ya yote mawili. Mahindi yalipofika magotini, majani ya chini yakaanza kuwa ya njano kutoka ncha, njano ikipita katikati ya jani kama ulimi. Hiyo ni njaa ya naitrojeni, kila mkulima anaijua. Ekari iliyozoea kumpa magunia kumi na mawili ilimpa matatu. Nilipokwenda kumwona hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Lile jiwe lina chakula gani ndani yake?" Sikuwa na jibu. Nilisoma stashahada ya kilimo, nikafundishwa udongo, lakini jiwe hilo tulilipita kwa mstari mmoja darasani. Basi nimesoma tangu hapo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Olivini ni madini yaliyoundwa kwa magnesiamu, chuma, silikoni na oksijeni. Ukilipasua jiwe jeusi la volkeno ukaona chembe za kijani kibichi zinazong'aa kama vipande vya chupa ya soda, mara nyingi ndiyo yenyewe. Jina lilitolewa na mwalimu wa madini wa Kijerumani, Abraham Gottlob Werner, mwishoni mwa miaka ya 1780, kwa sababu rangi yake ilimkumbusha tunda la mzeituni. Lakini watu walikuwa wakilichimba muda mrefu kabla yake. Katika kisiwa kidogo cha Bahari ya Shamu upande wa Misri, Wamisri wa kale walitoa olivini safi ya kutengenezea vito, ile ambayo sonara wa leo huiita peridoti. Kisiwa hicho Waarabu hukiita Zabargad, na wasomaji wa Biblia ya Kiswahili watakumbuka jina zabarajadi katika orodha ya vito vya Ufunuo, ingawa kwa karne nyingi majina ya vito yamehama sana kutoka jiwe moja hadi jingine, na sidhani kama wafasiri walikuwa na jiwe hili hili akilini.

Wanasayansi walianza kulichukulia kwa uzito kwa sababu ya mhunzi mmoja. Mwaka 1749, kule Siberia karibu na mji wa Krasnoyarsk, mhunzi aliona bonge kubwa la chuma limekaa peke yake mlimani, uzito wake karibu kilo 700. Mwaka 1772 mtafiti Peter Simon Pallas alilikuta, akaona kwamba chuma kile kimejaa matundu, na ndani ya matundu mna chembe za kijani za kioo. Akalituma St. Petersburg. Miaka ishirini na miwili baadaye, mwaka 1794, Ernst Chladni aliandika kitabu akidai kwamba bonge lile na mengine ya aina yake yametoka angani. Wengi walimcheka. Leo kila mtu anajua vimondo vinaanguka, na wasomaji wangu wa Songwe wana kimondo chao cha Mbozi, ambacho karibu chote ni chuma. Kile cha Pallas kilikuwa chuma na olivini pamoja, na mpaka leo vimondo vya aina hiyo vinaitwa kwa jina lake. Kumbe chembe zile zile za kijani zilizomo katika mawe ya volkeno zimo pia katika mawe yatokayo mbali kabisa na dunia.

Sasa tufike kwenye mlima ambao mkulima yeyote angepaswa kusimuliwa.

Mwaka 1859 mtaalamu wa miamba Ferdinand von Hochstetter alikuwa New Zealand. Alikuja na meli ya utafiti ya Austria, meli ikaondoka, yeye akabaki miezi kadhaa akizunguka visiwani. Karibu na mji wa Nelson kuna mlima unaoitwa Dun, maana yake ni rangi ya hudhurungi iliyofifia, na kweli ndivyo ulivyo. Pembeni yake kuna msitu mzito wa kijani. Unapanda, unapanda, halafu msitu unakatika ghafla kana kwamba mtu amechora mstari. Mbele ya mstari kuna nyasi ngumu na vichaka vifupi tu, na udongo mwekundu wa kahawia. Mvua ni ile ile, jua ni lile lile. Kinachobadilika ni jiwe lililo chini. Hochstetter alikuta jiwe hilo karibu lote ni olivini tupu, akalipa jina la mlima: dunaiti. Jina hilo ndilo linalotumika duniani kote hadi leo.

Kwa nini miti iligoma? Udongo unaotokana na dunaiti, na na jiwe la serpentini ambalo ni olivini iliyokunywa maji na kugeuka, una magnesiamu nyingi mno na kalsiamu kidogo mno. Mmea hujaribu kuchukua kalsiamu, unakuta magnesiamu imejaa mlangoni. Zaidi ya hapo kuna nikeli na kromiamu kwa kiasi kinachosumbua mizizi, na fosforasi na potasiamu ni haba. Kwa hiyo jiwe lenye kirutubisho kizuri kabisa, magnesiamu, likiwa peke yake linatengeneza jangwa katikati ya mvua. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mzee wangu na mfuko wake.

Wafanyabiashara nao wana la kusikia kuhusu mlima huo. Kabla ya Hochstetter, watu wa London walikuwa wameshaanzisha kampuni ya kuchimba shaba pale. Shaba ikawa kidogo. Wakageukia kromaiti, jiwe jeusi zito ambalo hupatikana ndani ya dunaiti na ambalo wakati ule lilitumika kutengeneza rangi za kutilia vitambaa katika viwanda vya Uingereza. Wakajenga reli, ya kwanza New Zealand, ikafunguliwa Februari 1862: farasi walivuta mabehewa matupu kupanda mlima, na mabehewa yaliyojaa yalishuka yenyewe kwa mteremko, mtu akishika breki. Lakini Marekani ilikuwa vitani wenyewe kwa wenyewe, pamba haikufika Uingereza, viwanda vikapunguza kazi, na haja ya rangi ikashuka. Katika miaka michache biashara ya kromaiti ikafa. Reli ilibaki ikisafirisha vitu vingine na abiria mjini. Waliolima ufuta au dengu kwa kutegemea mnunuzi mmoja wa ng'ambo wanajua hadithi hii bila kufika New Zealand.

Baada ya hapo swali lililowashughulisha watafiti lilikuwa: jiwe hili linazaliwaje na linakufaje? Norman Bowen, aliyefanya kazi Washington, alikuwa akiyeyusha unga wa madini katika tanuru dogo la maabara, kisha anaupoza kidogo kidogo na kuangalia kipi kinaganda kwanza. Miaka ya 1920 alionyesha kwamba katika uji wa volkeno wenye magnesiamu nyingi, olivini ni miongoni mwa madini ya kwanza kabisa kuganda, joto likiwa bado kali sana. Mwaka 1938 Mmarekani Samuel Goldich alichunguza jinsi miamba inavyooza ikipigwa na mvua na hewa. Akakuta mpangilio ni ule ule: kilichoganda kwanza kwenye joto kali ndicho kinachooza kwanza juu ya ardhi. Olivini huoza mapema, mchanga mweupe wa kwatsi hudumu hadi mwisho.

Hapo ndipo penye siri ya sehemu ya rutuba ya Kilimanjaro, Meru na Rungwe. Miamba ya basalti ya milima hiyo imejaa madini yanayooza haraka, na kila mvua inaponyesha huachia magnesiamu, kalsiamu, chuma na potasiamu. Naomba tuelewane: olivini ni mwenzi mmoja tu katika kundi hilo. Kalsiamu na potasiamu zinatoka hasa kwa madini mengine yaliyomo ndani ya jiwe lile lile. Mtu akikuuzia olivini kwa kukuonyesha migomba ya Wachaga, anakuonyesha kazi ya basalti nzima na samadi ya ng'ombe wa zizini juu yake.

Mtu niliyempenda kuliko wote katika habari hii ni Victor Moritz Goldschmidt. Alizaliwa Zürich mwaka 1888, akakulia Norway, akawa profesa akiwa bado kijana. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokata meli, Norway ilikosa malighafi nyingi, na serikali ikampa Goldschmidt kazi ya kutafuta ndani ya nchi mbadala wa vilivyokuwa vikiagizwa. Alitafuta hata mbolea ndani ya mawe: alichunguza jinsi mimea inavyoweza kupata potasiamu kutoka kwenye ulanga, yale madini yanayobanduka kama karatasi. Norway ina milima mizima ya dunaiti, lakini olivini hakuipeleka shambani. Aliipeleka kwenye tanuru. Olivini yenye magnesiamu nyingi haiyeyuki mpaka karibu nyuzi 1,890 za Selsiasi, hivyo akaonyesha kwamba inafaa kutengeneza matofali ya kujengea ndani ya matanuru ya kuyeyushia vyuma. Mtu huyo huyo aliyejua mbolea za mawe aliliangalia jiwe hili na kulipa kazi ya moto.

Goldschmidt alikuwa Myahudi. Alikuwa amehamia Ujerumani kufundisha Göttingen, akaondoka mwaka 1935 kwa sababu ya utawala wa Wanazi, akarudi Norway. Nao wakamfuata huko. Novemba 1942 alifikishwa bandarini Oslo pamoja na Wayahudi wengine waliokuwa wakipakiwa melini kupelekwa Auschwitz. Akatolewa kwenye kundi dakika za mwisho, kwa hoja kwamba elimu yake ina manufaa kwa nchi. Muda mfupi baadaye alitorokea Sweden, kisha akasafirishwa Uingereza, na huko akafanya kazi katika taasisi ya utafiti wa udongo ya Macaulay mjini Aberdeen, halafu kituo cha kilimo cha Rothamsted. Alirudi Norway baada ya vita akiwa mgonjwa, akafariki mwaka 1947. Mtu aliyeanza na mawe akamalizia kwenye udongo.

Tangu hapo olivini ya Norway imekwenda viwandani kwa meli. Mchanga wake hutumika kutengenezea kalibu za kumiminia chuma, kwa sababu hautoi vumbi la kwatsi linaloharibu mapafu ya wafanyakazi. Miaka ya 1980 wachimbaji wa chuma wa Sweden walianza kuuchanganya kwenye chembe za chuma zinazopelekwa kwenye tanuru.

Kuhusu tumbo la dunia nitapita haraka, ingawa ni habari ya kushangaza. Sehemu ya juu ya tabaka lililo chini ya ganda la dunia kwa kiasi kikubwa ni olivini. Ukifika kina cha kilomita 410 hivi, mgandamizo unaipanga upya kuwa madini mengine mazito zaidi. Mmoja wa aina hizo nzito ulipewa jina la Ted Ringwood, mtafiti wa Australia, na mwaka 1969 ulitambuliwa katika kimondo. Mwaka 2014 chembe yake ilitangazwa kupatikana ndani ya almasi kutoka Juína, Brazil, ikiwa na maji takriban asilimia 1.5 ya uzito wake, maji yaliyofungwa ndani ya jiwe lenyewe.

Hapa kwetu volkeno zimetuletea vipande vya tabaka hilo juu. Kilima cha Lashaine karibu na Monduli, na Labait upande wa Hanang, vinajulikana kwa wanasayansi duniani kwa mawe ya kijani yaliyorushwa kutoka kina kirefu. Vilima vya Igwisi, magharibi mwa Tanzania, ni vya mwamba ule ule unaobeba almasi, kimbaliti, na olivini yake imeviringika kama punje za kunde. Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ni kimbaliti pia. Vijana wanaookota chembe za kijani huko kaskazini wasidanganywe kwamba ni zumaridi. Na wasidanganywe pia kwamba ni takataka, kwani peridoti safi na kubwa ina bei. Chembe ndogo zenye nyufa hazina. Kipelekeni kitu kikapimwe kwenye soko la madini la mkoa, masoko hayo yapo tangu 2019, msiuze gizani.

Turudi shambani, maana hapa ndipo unga wa mawe ulipoanza kuuzwa kwa maneno makubwa.

Mwaka 1990 Walter Seifritz alipendekeza katika jarida la Nature kwamba mawe ya aina hii yatumike kufunga hewa ya ukaa inayochemsha dunia. Mwaka 2006 Olaf Schuiling wa Utrecht, Uholanzi, na mwenzake wakapendekeza njia rahisi: saga olivini, mwaga ardhini, mvua ifanye kazi. Kikemia ni kweli. Olivini ikioza, maji ya mvua yenye hewa ya ukaa yanageuka kuwa chumvi zinazotiririka mtoni hadi baharini, na hewa ile haitarudi kwa muda mrefu sana. Kwa hesabu ya karatasi, tani moja ya olivini safi inaweza kufunga tani 1.25 za hewa ya ukaa. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walipiga hesabu wakasema mahali panapofaa zaidi ni penye joto na mvua nyingi, wakataja mabonde ya Amazon na Kongo. Ndiyo maana sisi wa tropiki tunatazamwa.

Lakini hesabu ya karatasi haitoi mafuta ya lori wala umeme wa kusagia. Punje ya ukubwa wa mchanga huoza kwa miaka mingi. Lazima isagwe kuwa kama unga wa sembe. Na mwaka 2012 watafiti wa Wageningen, Uholanzi, walichapisha jaribio la kwenye vyungu. Waliotesha nyasi za malisho kwa wiki 32, wakiweka olivini kwa viwango mbalimbali, kikubwa kabisa kikiwa sawa na tani 204 kwa hekta. Nyasi zilikua vizuri kiasi, magnesiamu ikaongezeka ndani yake. Kalsiamu ikapungua. Nikeli ikapanda, na wakaonya kwamba nikeli ndiyo inayoweza kuweka mpaka wa kiasi kinachofaa kumwagwa. Ni mlima Dun ndani ya chungu. Na kumbuka kwamba nyasi zile zilipewa virutubisho vingine. Hakuna aliyeziambia zile olivini peke yake.

Basi jibu la mzee wangu ni hili. Katika kilo 100 za olivini nzuri ya aina ya Norway kuna karibu kilo 30 za magnesiamu, chuma kiasi, na silikoni. Naitrojeni ni sifuri. Fosforasi na potasiamu ni kama hakuna. Kila tani ina nikeli kilo 2 hadi 3. Unga huo hauwezi kuchukua nafasi ya DAP wala urea wala Minjingu, hata ungekuwa safi namna gani.

Kama shamba lako lina upungufu wa magnesiamu, utaona majani ya zamani ya mahindi yana mistari ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Hapo chokaa ya kilimo ya dolomaiti inakupa magnesiamu na kalsiamu pamoja, inapunguza asidi, na inafanya kazi haraka zaidi. Pima udongo kwanza, TARI Mlingano na SUA wanapima. Anayekuja na unga wa mawe mwombe cheti cha maabara kinachoonyesha kilichomo, pamoja na nikeli, na umwulize kama kuna serpentini, kwa sababu jiwe hilo linaweza kuwa na nyuzi za asbesto. Usiupepete unga wa mawe yoyote bila kuziba pua na mdomo. Anayekuja na mkataba wa fedha za hewa ya ukaa, mwulize nani anapima, anapima nini, na analipa lini, kisha uuleteni mkataba ofisini tuusome pamoja kabla ya kidole gumba kugusa wino.

Mzee msimu huu amepanda kwa Minjingu na kukuzia kwa urea, na mahindi yamefika kifuani. Nusu ya mfuko ule bado anao. Nimechukua sampuli kilo moja nikaipeleka maabara, kwa sababu baada ya kusoma yote haya nimetambua kwamba hata hatujui kama ilikuwa olivini kweli au vumbi la machimbo ya kokoto. Majibu yakifika nitayaweka hapa hapa.